Mlio Unaokuja na Kupotea Kwenye Gari la Zamani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Gari lililokula chumvi nyingi huwa na milio yake, na mwenyewe huizoea. Unaosumbua ni ule mpya: leo upo, kesho haupo, na ukimpakia mtu ausikie unanyamaza kama mtoto aliyeona mgeni. Majibu haya ni kwa ajili ya huo.

Kwa nini mlio hupotea kila nikifika kwa fundi?

Kwa sababu unapofika kwa fundi umeacha nyuma kila kilichokuwa kinauleta. Injini imeshapata moto, umesimama kwenye sakafu iliyonyooka, abiria wameshuka, mvua imekatika. Chuma kikipata joto hupanuka, na pengo dogo lililokuwa linagonga asubuhi linaziba lenyewe. Mpira ukipata joto hulainika ukaacha kulia. Fundi anazunguka na gari dakika tano, hasikii kitu, anakurudishia ufunguo, na ukifika barabarani unasikia tena: kong'o!

Kwa hiyo acha kwanza kuuliza mlio unatoka wapi. Uliza unatoka lini. Ukiweza kuuleta kwa kutaka, kazi kubwa imekwisha, kwa kuwa hali inayouleta ndiyo itakayokuonyesha kifaa. Karibu kila jibu hapa chini linarudi kwenye jambo hilo.

Nianze na nini kabla sijamwona mtu yeyote?

Anza na nati za magurudumu, leo hii, hasa kama tairi lilifunguliwa siku za karibuni. Nati iliyolegea hugonga polepole kwenye mwendo mdogo, na gari likishika kasi mlio unaweza kufifia ukadhani mambo yamekaa sawa. Kaza kwa nguvu iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari, kisha rudia baada ya kilomita 50 hadi 100.

Halafu vua gari kila kilichomo. Kila kitu, na sizungumzii mizigo ya buti peke yake: jeki, mpini wake, spana ya magurudumu, spea tairi, chupa iliyoviringika chini ya kiti, sarafu kwenye mfuko wa mlango, miwani juu ya dashibodi, kibanio cha mkanda wa kiti kisichotumika kinachogonga ubavu wa gari. Kishada cha funguo kinachoning'inia kwenye swichi nacho toa, ubaki na ufunguo mmoja. Endesha siku mbili gari likiwa tupu. Ukimya ukija, rudisha kimoja kimoja.

Watu hulidharau zoezi hili kwa kuwa ni la bure.

Niandike nini kwenye daftari?

Kila mlio unapotokea, andika mara tu ukisimama (usiandike ukiendesha, ukiwa na abiria, yeye ndiye karani). Gari lilikuwa na mwendo gani, gia ya ngapi, unakanyaga mafuta au umeachia, unakanyaga breki au la, usukani umeelekea upande gani, barabara ni laini au ya mashimo, kupanda au kushuka, injini ni baridi au moto, kuna mvua, mmepanda wangapi, na tangi lina mafuta kiasi gani.

Tangi linashangaza wengi. Likiwa nusu, mafuta hupiga kuta zake ukifunga breki na utasikia mshindo mzito nyuma ya gari. Likijaa, kimya. Mtu anaweza kuhangaika miezi akidhani kuna kifaa kimekatika, kumbe mlio huja kila mafuta yanapopungua.

Baada ya matukio kama kumi hivi, soma daftari na utafute kinachojirudia. Usiangalie tu mlio ulipotokea. Andika pia pale ulipoutarajia na haukuja, kwa kuwa hilo ndilo linalofuta washukiwa haraka zaidi.

Nitajuaje kama unatoka kwenye injini au kwenye magurudumu?

Hili ndilo tawi kubwa kuliko yote, na jaribio lake ni rahisi. Gari likiwa limesimama, handbreki juu, gia kwenye nyutro, kanyaga na uachie mafuta taratibu. Mlio ukipanda na kushuka pamoja na injini, tafuta mbele chini ya boneti, au kwenye mauntingi (vishikio vya mpira vinavyobeba injini), au kwenye ekzosi. Usipotokea, nenda barabara tupu iliyonyooka, fikia mwendo ambao mlio hutoka, kisha weka nyutro uache gari liserereke. Injini ikishuka na mlio ukaendelea vilevile, unafuata magurudumu. Usizime injini ukiwa kwenye mwendo: usukani utakuwa mzito, breki zitapoteza msaada wake, na kwenye magari mengi usukani unaweza kujifunga ufunguo ukitolewa.

Ukishajua kwamba unafuata magurudumu, hesabu. Tairi la gari dogo lina mzunguko wa mita 2 hivi. Kwenye kilomita 7 kwa saa, yaani mwendo wa mtu anayetembea kwa haraka, gurudumu huzunguka kama mara moja kwa sekunde. Ukisikia "ti... ti... ti..." moja kila sekunde, kuna kitu kinachozunguka sawa na gurudumu: jiwe kwenye tairi, wilkapu iliyolegea, diski ya breki iliyopinda, sivi jointi (kiungo cha ekseli kinachozungusha gurudumu huku kikikunjika). Ukisikia tatu au nne kwa sekunde kwenye gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma, mshukiwa ni propela shafti (bomba refu linalopeleka nguvu ya injini nyuma) na krosi zake, yaani viungo vyake, kwa sababu difu, gia za kwenye ekseli ya nyuma, huifanya propela izunguke mara tatu hadi nne kwa kila mzunguko mmoja wa gurudumu. Umepata jibu bila kushika spana.

Mlio wa tapeti, vifaa vinavyosukuma valvu za injini, nao una hesabu yake. Kamshafti, mhimili unaozisukuma, huzunguka nusu ya mwendo wa injini, ndiyo maana tapeti husikika ikigonga polepole kuliko unavyotarajia kwa injini inayozunguka kasi ile.

Fundi ananiuliza "unalia vipi?" Nimjibu nini?

Kiswahili kinakusaidia hapa kuliko unavyodhani. "Gari linapiga kelele" haimwambii fundi kitu. Mwambie linavuma, linakwaruza, linasaga, linagonga, linatatarika, linafoka au linalia kwi-kwi. Kila neno lina nyumba yake.

Kuvuma kunakopanda na mwendo ni beringi au tairi. Ili kuvitenganisha, pita kwenye lami ya aina nyingine: sauti ya tairi hubadilika na barabara, ya beringi hubaki karibu ileile. Kisha, mahali salama, yumbisha gari kidogo kushoto na kulia. Ukikata kulia, uzito unahamia magurudumu ya kushoto. Mvumo ukizidi hapo, beringi ya kushoto ndiyo ya kwanza kukaguliwa. Kukwaruza kwa chuma huelekea kwenye breki. Kutatarika, kama mbegu ndani ya kibuyu, mara nyingi ni bati jembamba lililoachia. Kufoka ni hewa au gesi inayovuja. Kulia kwi-kwi ni mpira mkavu au mkanda wa injini.

Ukishindwa kutaja, iga kwa mdomo. Fundi mzuri hatakucheka, na akicheka atakuwa ameelewa.

Nina hakika unatoka nyuma kushoto, lakini fundi anasema mbele. Nani yuko sahihi?

Huenda fundi. Sauti husafiri hewani kwa takribani mita 340 kwa sekunde, lakini ndani ya chuma hukimbia kiasi cha mita 5,000. Mlio wa kugonga unaotokea kwenye mkono wa chini (chuma kinacholishika gurudumu kwenye gari) wa gurudumu la mbele hupita kwenye fremu na kutokea pale bodi ilipo nyembamba au wazi, na sikio lako linaamini mlango huo wa mwisho. Isitoshe umekaa ndani ya boksi la vioo ambalo sauti huruka kutoka ukuta hadi ukuta.

Dawa ni kubadilisha mahali pa kusikilizia. Muombe mtu mwingine aendeshe, wewe ukae kila kiti kwa zamu. Fungua kioo kimoja kimoja. Pita polepole kando ya ukuta mrefu kioo cha upande huo kikiwa wazi: ukuta utakurudishia mlio wa chini ya gari upande huo, na tofauti ya kushoto na kulia hujitokeza wazi.

Linagonga nikipita kwenye mashimo na matuta tu.

Hapa ndipo magari ya zamani hutumia pesa nyingi bure, kwa kuwa kila mtu hukimbilia shokapu. Shokapu iliyokufa huonekana zaidi kuliko inavyosikika: gari hudunda baada ya tuta, na mafuta huvuja kwenye mwili wake. Kabla yake kuna washukiwa wa bei ndogo.

Mlio wa kugonga mwepesi wa haraka haraka, tak-tak-tak kwenye changarawe au lami iliyochakaa, mara nyingi ni linki (vijiti vya kuunganishia) za stabilaiza, ile nondo inayozuia gari lisilale upande. Jaribio lake: pita tuta kwa magurudumu yote mawili ya mbele kwa pamoja, kisha kwa gurudumu moja. Stabilaiza hufanya kazi magurudumu mawili yanapopishana, hivyo tuta la gurudumu moja litaigongesha kuliko tuta la yote mawili.

Mlio mmoja mzito wa kugonga, kong'o, ukifunga breki au ukiondoka, ni bushi (mipira ya viungo) za mikono ya chini au mauntingi ya injini. Weka rivasi, kisha gia ya mbele, mguu ukiwa kwenye breki, mtu mwingine akiangalia injini kutoka pembeni, mbali na usawa wa bampa. Ikiruka sana, mauntingi imechoka.

Boljointi, kiungo cha mpira wa chuma kinachoshika gurudumu, ni habari nyingine. Inua gurudumu kwa jeki, weka stendi (usiingie kamwe chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake), shika tairi juu na chini ulitikise. Likicheza, mtu mwingine akanyage breki huku ukiendelea kutikisa. Mchezo ukipotea, ni beringi. Ukibaki, ni boljointi au kiungo kingine. Ukishika kushoto na kulia ndipo likacheza, angalia tairodi, fimbo inayogeuza gurudumu kutoka kwenye usukani. Kwenye baadhi ya magari boljointi hubanwa na springi hata gurudumu likiwa juu, kwa hiyo kutocheza hakuisafishi kabisa. Hapo fundi hutumia mtaimbo.

Usisahau springi. Kwenye gari lenye kutu, mzunguko wa chini kabisa wa springi huvunjika na gari likaendelea kutembea kana kwamba hakuna kitu. Ikiwa usukani unalia "tung!" ukikata gari likiwa limesimama, angalia springi pamoja na beringi iliyo juu ya shokapu.

Unatoka nikikata kona tu.

Tafuta uwanja mtupu, kata usukani hadi mwisho, zunguka polepole huku ukikanyaga mafuta kidogo. Ukisikia tik-tik-tik inayoongezeka na mafuta, ni sivi jointi ya nje. Piga magoti uangalie mpira unaoifunika: ukichanika, grisi hurushwa ndani ya rimu na mchanga huingia. Ni ushahidi unaoonekana kwa macho.

Breki zinalia asubuhi halafu zinaacha.

Kutu nyembamba juu ya diski baada ya usiku wa unyevu hufutika kwa kukanyaga mara chache. Hiyo iache. Lakini pedi nyingi zina ulimi mwembamba wa chuma uliowekwa makusudi ulie pedi ikibaki na milimita chache, na mara nyingi mlio huo unasikika ukiwa hujakanyaga breki, ukikanyaga unanyamaza. Watu huona ajabu na kuuacha. Usiuache.

Mkwaruzo mkali uliozuka ghafla baada ya barabara ya kokoto mara nyingi ni kijiwe kati ya diski na bati la nyuma yake. Kurudi nyuma polepole mita chache wakati mwingine humtoa mgeni huyo.

Unasikika kwenye mzunguko mmoja tu wa injini, juu na chini ya hapo hakuna.

Kila kipande cha bati kina mtetemo wake kinaoupenda. Injini ikifika kwenye mtetemo huo, tuseme mizunguko 2,100 kwa dakika, bati linaimba, ikipita, linanyamaza. Mshukiwa mkuu ni kinga ya joto ya ekzosi, lile bati jembamba ambalo boliti zake huliwa na kutu. Ekzosi ikiwa imepoa kabisa, igonge kwa ngumi au nyundo ya mpira kuanzia mbele kwenda nyuma. Itajitaja yenyewe. Klipu ndefu ya chuma, kama ile ya kukazia mipira ya rejeta, huishika miaka.

Unakuja injini ikiwa baridi tu.

Tapeti za kutumia presha ya oili hugonga sekunde chache baada ya kuwasha, mpaka oili ifike juu. Zikizidi hapo, pima oili. Kugonga kwa ti-ti-ti kunakopotea injini ikipata moto kunaweza kuwa ufa au gasketi iliyoachia kwenye manifoldi ya ekzosi (bomba la kwanza linalopokea moshi wa injini): chuma kikipanuka pengo huzibika. Tafuta alama nyeusi za masizi kwenye maungio.

Mkanda wa injini ukilia, unyunyizie maji kidogo sana upande wenye mistari, nywele, nguo na mikono vikiwa mbali. Mlio ukinyamaza kisha ukarudi, puli hazijalingana. Ukizidi, mkanda unateleza, umechoka au tenshena (kifaa cha kuukaza) imelegea.

Je, kuna milio ya kawaida ambayo sipaswi kuihangaikia?

Ipo. Ekzosi hutoa tik-tik inapopoa. Pampu ya mafuta huvuma sekunde mbili unapofungua swichi. Feni ya rejeta huendelea kuzunguka baada ya kuzima. Kompresa ya kiyoyozi hugonga kidogo ikishika na kuachia. Maji yanayobubujika nyuma ya dashibodi hayamo kwenye orodha hii: hiyo ni hewa ndani ya mfumo wa kupozea, na kulanti (maji ya kupozea injini) huenda imepungua. Angalia kiwango injini ikiwa baridi.

Ninahitaji vifaa gani?

Bisibisi ndefu: ncha kwenye mwili wa altaneta au pampu ya maji, mpini kwenye mfupa ulio mbele ya sikio, utasikia beringi kana kwamba umeingia ndani yake. Kaa mbali na mkanda na feni. Nyundo ya mpira, tochi, chaki ya kuweka alama, utepe wa kubandika, vipande vya sponji vya kuchomeka kwenye maungio ya dashibodi. Simu ya kurekodia husaidia zaidi ikibandikwa mahali panaposhukiwa, kwa mfano ndani ya buti, halafu ulinganishe rekodi mbili. Mafundi wengine wana maiki ndogo zinazobanwa kwenye vyuma chini ya gari, kila moja na waya wake, na fundi huzisikiliza kwa zamu gari likitembea. Mwenye nazo anastahili ada yake.

Nipulizie oili kwenye kila bushi nione?

Hapana. Oili ya petroli huvimbisha na kuozesha mpira wa asili, kisha huwezi kujua ni bushi gani iliyokuwa inalia. Tumia maji: nyunyizia bushi moja, sukuma gari juu chini, sikiliza. Iliyonyamaza ndiyo yenyewe. Ikithibitika, silikoni hupooza kwa muda, na bushi mpya ndiyo tiba.

Nimebadilisha vitu vitatu na mlio bado upo.

Karibu kwenye chama. Mimi nilinunua shokapu mbili na seti ya bushi kwa ajili ya "tok" iliyokuja nikienda kazini na kutokuja nikirudi. Barabara ileile, gari lilelile, dereva yuleyule! Nilipoanza kuandika ndipo niliona kwamba ilitokea kwenye breki ya kwanza ya mteremko, mara moja tu, na kwamba kurudi ni kupanda. Kitu kilikuwa kinabingirika kwenda mbele mara moja na kubaki huko, kisha mwinuko unakirudisha nyuma. Kilikuwa boliti, imelala kwenye trei ya plastiki chini ya waipa, iliyoangushwa na mtu aliyewahi kufanya kazi pale na ambaye hakuikosa. Shokapu za zamani zilikuwa nzima.

Tangu siku hiyo ninabadilisha kitu kimoja, ninaendesha siku tatu, ndipo ninagusa kingine. Na kwa fundi ninaomba nipande naye, njia ninayoichagua mimi, asubuhi injini ikiwa imelala.

Ni lini nisiendeshe kabisa?

Nati za magurudumu zimelegea. Boljointi au tairodi inacheza. Breki zinasaga chuma kwa chuma, au pedali imeshuka. Injini inagonga kwa uzito na taa ya oili imewaka: zima papo hapo, usijikokote hadi nyumbani. Mlio wowote unaoambatana na usukani kubadilika au gari kuvuta upande. Kwenye hayo, ita gari la kuvuta.

Umepotea wenyewe, wiki ya pili sasa. Nifurahi?

Subiri kidogo. Ulimi wa pedi hukatika ukaacha kulia huku pedi ikiendelea kuisha. Kinga ya joto hudondoka barabarani, na sakafu iliyokuwa ikikingwa sasa inapokea moto wote. Mwangaza wa tochi chini ya gari, ukilinganisha upande mmoja na wa pili, utakuonyesha kama kuna kitu hakipo. Kama kila kitu kipo, angalia hali ya hewa: huenda mvua zimeanza na bushi zimelowa. Daftari liache kwenye gari, na kalamu yake, ila kalamu usiiweke juu ya dashibodi.